Kutoka Sakwe Sakwe Hadi Miraba ya Gazeti: Mafumbo na Wateguzi Wake Kigali

Ibisakuzo ni vitendawili vya Kinyarwanda. Mtegaji huanza kwa "Sakwe sakwe!", waliomzunguka huitikia "Soma!", kisha fumbo hutolewa kwa maneno machache, na kimya kifupi hufuata huku kila mmoja akipekua kichwani mwake. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu, kwa sababu utaratibu ni uleule wa "Kitendawili!" na "Tega!". Vizazi vingi kabla ya gazeti la kwanza kuchapishwa Rwanda, mchezo huu ulikuwa tayari unatoa raha ambayo wapenzi wa mafumbo ya maneno ya magazetini huitafuta Jumamosi na Jumapili: swali gumu lenye jibu moja, lililofichwa kwa ustadi, likimsubiri mtu aliyekwisha kumaliza kazi zake.

Historia ya raha hiyo hufuatika vizuri ikiangaliwa kutoka Kimironko, mashariki mwa Kigali. Kimironko ni mojawapo ya sekta za Wilaya ya Gasabo, na ndani yake mna seli tatu: Bibare, Kibagabaga na Nyagatovu. Wilaya imechukua jina la kilima cha Gasabo, karibu na Ziwa Muhazi, ambacho mapokeo ya Wanyarwanda hukitaja kuwa chimbuko la ufalme wao. Mji wenyewe si wa zamani hivyo. Richard Kandt, mwakilishi wa Wajerumani, alianzisha kituo chake Kigali mwaka 1907, na Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 mji ulikuwa na wakazi wapatao 6,000 tu. Siku hizo Kimironko ilikuwa nje ya mji. Sensa ya 2022 ilihesabu Kigali watu zaidi ya milioni 1.7, na Kimironko leo ina soko linalojulikana jiji zima kwa vitenge, vyakula na vikapu vya kusuka, pamoja na kituo cha mabasi kinachojaa tangu alfajiri. Wengi kati ya watu waliolikuza jiji baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 walitoka ukimbizini Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo, na kila kundi lilirudi na vitendawili lililolelewa navyo.

Wakati wa ibisakuzo ulikuwa jioni. Ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, chungu kiko motoni, chakula hakijaiva na watoto wana njaa. Saa hiyo, ambayo kila mlezi anaijua kwa usumbufu wake, ndiyo iliyopewa mafumbo. Mzee na mtoto walishindana bila upendeleo, na mara nyingi mtoto alimshinda mzee, jambo ambalo halikuruhusiwa katika mazungumzo mengine ya siku nzima. Hapakuwa na zawadi. Aliyetegua alipata sifa, na aliyeshindwa alikiri wazi mbele ya wenzake ndipo akaambiwa jibu. Waswahili waliongeza malipo ya kupendeza kwa aliyeshindwa: hudaiwa mji. Mtegaji akishapewa mji, tuseme Tabora au Mombasa, husimulia jinsi alivyokwenda huko, akapokewa, akala na kunywa, na wasikilizaji wakingoja kwa hamu hadi jibu litolewe. Ucheleweshaji huo ni sehemu ya utamu wenyewe. Jibu linalotolewa haraka mno humwacha msikilizaji bila njaa ya kulipokea.

Fumbo moja la Kinyarwanda linatosha kuonyesha ufundi wa watunzi hawa wasiojulikana majina. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: akitoka mmoja wetu, hatuli. Anayelisikia mara ya kwanza huwaza watu. Huenda ni familia inayomsubiri baba arudi, au watoto wanaokula sinia moja, au wageni wasioweza kuanza bila mwenyeji. Zote ni dhana nzuri na zote ni makosa, kwa kuwa familia hula hata mmoja akiwa safarini. Hapo mteguzi hulazimika kurudi kwenye maneno na kuyauliza upya. Ni nani hao ambao, mmoja wao akiondoka, nyumba nzima hulala njaa? Jibu ni mafiga, yale mawe matatu ya kuinjikia chungu. Jiwe moja likiondolewa chungu huanguka, na mlo hakuna. Waswahili wanayo methali ya maana hiyo hiyo, kwamba figa moja haliinjiki chungu, ila methali hulitaja jiwe waziwazi, wakati fumbo hulipa jiwe mdomo likajisemea lenyewe.

Ustadi wa fumbo hilo uko katika uaminifu wake. Halina neno la uongo wala neno la ziada. Aliyetega hakumdanganya mtu. Alisema kweli tupu, lakini akaisemea mahali ambapo msikilizaji hakutazama. Ndiyo maana anayeshindwa hacheki kwa hasira bali kwa mshangao, kwa sababu akilirudia fumbo baada ya kupata jibu anaona kwamba lilikuwa wazi muda wote. Fumbo gumu lisilo na uaminifu huo, linaloweza kuwa na majibu matano au lenye jibu ambalo hakuna aliyeweza kulifikia, huchosha. Watoto wa zamani walilijua hilo kama wanavyolijua wahariri wa mafumbo wa leo, na mtegaji aliyezoea kutega vya namna hiyo alizomewa.

Mengine hutumia njia fupi zaidi. Mtu asema amesimika mti mmoja tu na akaezeka paa juu yake, naye anazungumzia uyoga. Mwingine adai kwamba babu huwa mtamu akishaoza. Wageni hushtuka, na wenyeji hujibu kuwa ni ndizi mbivu. Mwingine humwamuru mwenzake azunguke ili wakutane, na jibu ni mkanda wa kiunoni, ambao ncha zake huachana mgongoni na kuonana tumboni. Fumbo la mkanda lina faida ya pekee kwa mwanahistoria. Mkanda wa namna hiyo ni wa zama za suruali, si za mavazi ya kale ya magome ya miti na ngozi, na kuwamo kwake katika hazina ya ibisakuzo ni ushahidi kwamba watu hawakuwa wakirithi tu mafumbo ya mababu. Kitu kipya kilipoingia nyumbani, walikitazama mpaka wakapata upande wake wa kufumbika.

Kinyume chake pia hutokea: kitu kinatoka nyumbani na fumbo lake linabaki. Katika nyua za Kimironko chakula hupikwa kwa jiko la makaa au la gesi, na mtoto aliyezaliwa Kibagabaga anaweza kufika umri wa kwenda shule bila kuona chungu juu ya mawe matatu. Kwake fumbo la mafiga limekuwa gumu kuliko lilivyokuwa kwa bibi yake, na ugumu huo si wa akili. Limekuwa swali la historia. Kila fumbo husimama juu ya vitu ambavyo mtegaji na mteguzi wanavijua wote wawili, na vitu hivyo vikibadilika, fumbo lililokuwa la watoto huwa la wasomi bila neno lake moja kubadilishwa.

Watu wazima wa Rwanda ya kale walikuwa na mafumbo yao makubwa zaidi, na hayo yaliishi ikulu. Ushairi uliowahusu wafalme, unaoitwa ibisigo, ulitungwa na watu walioitwa abasizi. Mapokeo humtaja Nyirarumaga, malkia mama wa kupanga wa mfalme Ruganzu Ndori, kuwa ndiye aliyeuweka katika umbo lake refu. Kabla yake palikuwa na vipande vifupi vilivyosifu mfalme mmoja mmoja, naye akaonyesha jinsi ya kuviunganisha katika utenzi mmoja unaopita kwa wafalme wote kwa zamu. Abasizi walikuwa na chombo chao ikulu, Intebe y'Abasizi, na kazi yao ilirithishwa ndani ya familia. Tungo zilihifadhiwa kwa kukaririwa neno kwa neno, na mwanafunzi aliyebadilisha neno alihesabiwa kuwa amekosea hata kama maana ilibaki.

Sifa kuu ya ibisigo ni kwamba havisemi wazi. Padri Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1981, alitumia miaka mingi kuvikusanya kutoka kwa wazee, na mwaka 1951 akachapisha Brussels kitabu chake juu ya ushairi huo, La poésie dynastique au Rwanda. Humo alieleza njia tatu za kuficha maana. Ya kwanza ni kubadilisha neno kwa jingine lenye maana hiyo hiyo. Ya pili ni kutumia neno linalofanana kwa sauti na lile lililokusudiwa. Ya tatu ni kukitaja kitu kwa jina la kile kinachohusiana nacho. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuijaribu njia ya pili kwa neno mbuzi. Mshairi anayetaka kutaja chombo cha kukunia nazi angezungumza juu ya mnyama anayekula majani ya shambani, na kumwachia msikilizaji kazi ya kutoka zizini mpaka jikoni. Akizidi kuwa mkali, hata jina la mnyama asingelitaja. Angesema tu mwenye ndevu anayelia, na hapo njia mbili zingekuwa zimefungwa pamoja.

Utenzi mzima uliotungwa hivyo ulimlazimu msikilizaji ajue majina ya wafalme, vita vyao, vilima walikozikwa na ng'ombe wao mashuhuri, kisha ajue lugha kwa kina kiasi cha kusikia neno moja na kukumbuka mawili. Hata baadhi ya waliokariri hawakuwa na ufunguo wa kila mstari. Ugumu huo ulikuwa na kazi ya kisiasa, kwani siri za ikulu zilisemwa hadharani na bado zikabaki siri, lakini ni makosa kuufanya kuwa siasa tupu. Mfalme na wakuu wake walikaa kusikiliza kwa sababu walipenda kutegua. Kagame mwenyewe, katika maelezo yake, anaonyesha furaha ya mtu anayefungua kufuli moja baada ya jingine, na hiyo ni sehemu ya thamani ya kazi yake. Bila subira yake, sehemu kubwa ya mafumbo hayo ingebaki sauti isiyo na maana.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na ikulu yake ya aina nyingine: baraza. Mombasa ya Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, ilijibizana kwa mashairi yaliyojaa mafumbo, mengine ya siasa za ukoo wa Mazrui uliotawala mji huo na za Sultani wa Zanzibar, mengine ya mapenzi, mengine ya kuchezea lugha tu. Fumbo lilitegwa kwa beti na kujibiwa kwa beti zenye vina na mizani ileile, kwa hiyo mteguzi alihitaji kupata jibu na kulivisha nguo sawa na ya swali. Tungo zake zilihifadhiwa na waliozikariri hadi William Hichens alipozichapisha katika Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Zanzibar nayo ilikuwa na kinyume, mchezo wa kuhamisha silabi ya mwisho ya neno na kuiweka mwanzo, hivi kwamba nyumba huwa mbanyu. Mmisionari Edward Steere aliuona mchezo huo ukitumika na akaweka mfano wake katika Swahili Tales, kitabu alichokitoa mwaka 1870.

Uchapaji haukuua majibizano, uliyaongezea umbali. Serikali ya Tanganyika ilipoanzisha jarida la Mambo Leo mwaka 1923, kurasa zake za mashairi zikawa baraza la nchi nzima. Mtu aliweza kutega fumbo akiwa Tanga na kujibiwa na mtu wa Bukoba asiyemjua, naye akalisoma jibu lake wiki kadhaa baadaye. Katika historia ya mafumbo ya Kiswahili hapa ndipo panapokaribia zaidi desturi ya gazeti la mwisho wa wiki: fumbo lililochapishwa, linalosomwa na wengi kila mmoja peke yake, na jibu linalosubiriwa toleo lijalo.

Fumbo la maneno lenye miraba, linalopita kulia na kushuka chini, lilizaliwa mbali na hapa. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World, alilitoa la kwanza Jumapili, tarehe 21 Desemba 1913, katika kurasa za burudani. Lilikuwa na umbo la almasi, na vidokezo vyake vilikuwa rahisi. Kwa miaka kumi lilibaki jambo la magazeti machache, mpaka mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilipochapisha kitabu kizima cha mafumbo hayo na Marekani nzima ikashikwa na homa. New York Times, ambalo mwanzoni liliyadharau, lilianza kutoa fumbo la Jumapili tarehe 15 Februari 1942, chini ya mhariri Margaret Farrar. Marekani ilikuwa imeingia vitani miezi miwili kabla, na wahariri waliona kwamba wasomaji watahitaji kitu cha kushughulisha akili katika saa za hofu. Fumbo la kila siku liliongezwa mwaka 1950. Utaratibu wa gazeti hilo unajulikana kwa wapenzi wote: Jumatatu ni jepesi, ugumu hupanda siku hadi siku, na Jumamosi ndilo gumu kuliko yote. La Jumapili ni kubwa zaidi, miraba 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, lakini si kali kama la Jumamosi.

Kuweka fumbo kali mwisho wa wiki ni uamuzi wenye busara. Fumbo la Jumatatu hujibiwa kwa kumbukumbu, na mtu analimaliza ndani ya basi. La Jumamosi halijibiwi kwa kumbukumbu. Mteguzi hulisoma lote bila kuandika herufi, hulitupa mezani, hufua nguo au hupalilia bustani, na anaporudi neno moja humjia bila kuitwa. Neno hilo humpa herufi tatu za maneno mengine, nazo humpa jingine, na kona iliyokuwa tupu kwa saa mbili hujaa kwa dakika tano. Raha hiyo haipatikani kwa haraka, na mtu mwenye kazi za siku sita hana pa kuiweka ila mwisho wa wiki.

Waingereza walilipeleka fumbo upande mwingine, na kazi yao ingeeleweka na abasizi bila shida. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alianza kutunga mafumbo ya gazeti la Observer mwaka 1926 na aliendelea mpaka alipofariki mwaka 1939. Kidokezo chake hakikuwa maelezo ya neno tu. Kilikuwa mtego ndani ya mtego, wenye maneno yaliyogeuzwa, herufi zilizopanguliwa na maana mbili zilizofichwa katika sentensi moja ya kawaida. Aliyemrithi, D. S. Macnutt, akijiita Ximenes, aliona kwamba ugumu umezidi uaminifu, akaweka masharti. Kidokezo kiwe na maelezo sahihi ya neno, kiwe na njia ya kulijenga neno hilo, na kisiwe na kingine chochote. Kitabu chake cha mwaka 1966 bado kinaheshimiwa na watunzi. Sharti lake ndilo lile la mafiga: sema kweli, usiongeze neno, na umwache mteguzi ajipoteze mwenyewe.

Rwanda ililipokea fumbo la miraba kupitia Kifaransa, lugha ya shule na ofisi tangu enzi ya Wabelgiji. Uchapaji wa Kinyarwanda ulikuwa umeanza mapema. Kinyamateka, gazeti la Kanisa Katoliki, lilianzishwa mwaka 1933, na Kagame alipata kuwa mhariri wake. Hata hivyo, kwa muda mrefu aliyetaka kujaza miraba alihitaji Kifaransa kizuri, na kwa hiyo mchezo huu ulibaki wa waliosoma, tofauti na ibisakuzo ambavyo havikumdai mtu ila masikio. Kisha lugha za shule zikabadilika. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa, na katika nyumba moja wazazi na watoto wakajikuta na misamiati miwili tofauti ya kuchezea. Baba aliyejifunza mafumbo ya miraba kwa Kifaransa hakuweza tena kumrithisha mwanawe mchezo huo ulivyo. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, miaka kumi baada ya Rwanda kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha hiyo haikuwa ngeni Kigali. Ilikuja na askari wa Kijerumani na wafanyabiashara tangu mji ulipoanzishwa, ikakaa Biryogo na Nyamirambo, na katika soko la Kimironko husikika kila siku kati ya wauzaji na wateja waliotoka Kongo na Tanzania.

Kutunga fumbo la miraba kwa Kiswahili, au kwa Kinyarwanda, ni kazi yenye shida zake, na shida hizo ni za kuvutia. Miraba ya Kimarekani hubana maneno yakagusana pande zote, kila herufi ikiwa ya neno la kulia na ya neno la chini kwa pamoja. Kiswahili hukataa ubanaji huo. Tuseme KITABU limewekwa katika mstari wa juu na maneno sita yanashuka kutoka katika herufi zake. Chini ya K karibu lazima pawe na irabu, chini ya I konsonanti, chini ya T irabu, na kuendelea hivyo mpaka chini ya U, ambapo panatakiwa konsonanti. Mstari wa pili basi ungekwisha kwa konsonanti, na karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Maneno kama UA na OA, au yenye MB, ND na SH, hulegeza kamba kidogo, lakini hayatoshi kujaza ukurasa. Mtunzi mwerevu huacha mtindo wa Kimarekani na kuchukua ule wa Kiingereza, wenye nafasi nyeusi nyingi, ambapo herufi moja hukutana na neno la chini na inayofuata haikutani. Hapo KITABU hukubali TEMBO lishuke kutoka T na BAO kutoka B, na hakuna anayegombana.

Mteguzi naye hupata faida ambazo msomaji wa Kiingereza hana. Mraba wa mwisho wa karibu kila neno ni mojawapo ya irabu tano, kwa hiyo ukingo wa kulia na wa chini wa fumbo zima hukisika kabla ya jibu lolote kupatikana. Ngeli humsaidia pia. Kidokezo kikitaja watu wengi wanaofundisha shuleni, WA inaweza kuandikwa mara moja na LIMU ikafuata. Kikitaja vitu vya kukalia, VI imekwisha kuingia. Mtunzi anayejua hayo hutumia njia za kuyazuia, kwa mfano kwa kuchagua maneno ya ngeli ambayo umoja na wingi wake ni mmoja, kama nyumba na kalamu, ili mteguzi asipate mwanzo wa bure. Pia anapaswa kuamua mapema kama CH na DH zitakaa katika mraba mmoja au miwili, na nini kifanyike na NG'. Hakuna uamuzi usiofaa, ila asiyeutangaza mwanzoni amewavunjia wasomaji wake ule uaminifu ambao mchezo mzima unautegemea.

Katika nyumba za Kimironko, kufungua jioni ya mafumbo kunaweza kufanywa kwa namna nne. Aliyekulia Rwanda husema "Sakwe sakwe" na kungoja "Soma". Aliyelelewa Burundi husema "Sokwe" na kutarajia "Niruze". Aliyetoka Buganda hutoa "Koyi koyi" na kuitikiwa "Lya", na wa kutoka Tanzania na Kongo wana "Kitendawili" yao. Mafumbo yaliyojengwa juu ya vitu huvuka mipaka hiyo bila pasipoti. Mafiga, uyoga na ndizi mbivu viko kila upande, na fumbo la mawe matatu likitegwa kwa lugha yoyote kati ya hizo hubaki na ncha yake. Yale yaliyojengwa juu ya sauti ya neno hayavuki. Mbuzi wa jikoni ni mtego kwa Mswahili peke yake, na ibisigo vya ikulu hupoteza nusu ya nguvu zao mara vinapowekwa katika lugha nyingine, jambo lililomlazimu Kagame kuandamanisha mistari na maelezo marefu. Fumbo la miraba ndilo lisilosafiri kabisa. Anayelitaka kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili hawezi kuchukua la New York akaligeuza. Anapaswa kuanza na ukurasa mtupu, achague maneno yake, ayapitishe yakutane, na kuandika kila kidokezo upya kwa ajili ya watu anaoishi nao.